Roshani ya Mheshimiwa Sululu

Kwanza nitoe pongezi. Katika nchi yetu ya Kitulizo mtu haanzi habari yoyote, hata ya msiba, kabla ya kuipongeza serikali, nami sitaki kuwa wa kwanza kuvunja adabu hiyo. Kwa hiyo naipongeza serikali kwa hewa. Hewa ya chini, ile inayoishia utosini mwa mtu wa kimo cha kawaida, wananchi tunaivuta bure, asubuhi na jioni, bila kuulizwa. Iliyo juu ya hapo imewekwa chini ya Kamisheni ya Vimo na Miinuko, na ndiyo iliyoleta haya ninayoyaeleza.

Mimi ni mwandika mabango. Lile la "Karibu Mgeni Rasmi" na lile la "Asante kwa Kuja Mgeni Rasmi" yametoka mkononi mwangu. Nimepanga chumba kwa Bi Zuwena, katika nyumba ya vyumba vinavyotazamana, koridoo katikati, na paa la zege lililo bapa. Zamani nyuma kulikuwa na ua mpana. Wapangaji tulipika pale, tukaanika nguo pale. Mume wa Bi Zuwena, Mzee Mbaruku, alikuwa mwoka mikate mpaka moshi wa tanuri ulipomharibu kifua, na alikuwa akitandika mkeka wake katika ua ule ili apate kupumua.

Ua ukaondoka. Sina namna nyingine ya kulieleza jambo hili. Jirani yetu wa nyuma ni Mheshimiwa Daktari Sululu bin Tambo, Kamishna wa Vimo na Miinuko mwenyewe, na ukuta wake ulikuwa na tabia ya kutembea. Kila alipotoka safari ya kikazi tuliukuta umesogea kwetu kidogo, hadi siku moja Bi Zuwena alifungua mlango wa nyuma ukagonga matofali. Alipokwenda kuuliza, alielimishwa kwamba ukuta wa kiongozi hausogei, ila nyumba yake ndiyo iliyokuwa ikimsogelea kiongozi, na akaonywa aikanye. Ulikuwa ukuta mrefu kuliko wote mjini. Hakuna aliyejua nyuma yake kuna nini, na sisi Wakitulizo ni watu wa heshima, hatukuuliza.

Majiko yetu ya mkaa yakahamia koridoni. Moshi ukakosa pa kwenda, ukaingia vyumbani, na zaidi ya wote ukampata Mzee Mbaruku. Daktari wa zahanati alimsikiliza kifua, akamwita Bi Zuwena pembeni.

"Mama, mpandisheni juu," alisema. "Akae penye upepo. Akibaki humu ndani, mimi sina dawa."

Basi Bi Zuwena akatazama paa lake. Hakutaka ghorofa. Alitaka roshani tu: sakafu ya mbao juu ya lile paa, kingo za kushikia, na kitambaa cha kivuli, ili mumewe akae apate pumzi. Akavaa buibui lake, akaenda kuomba kibali.

*

Kamisheni ya Vimo iko katika jengo refu lisilo na lifti, kwa sababu lifti iliombewa kibali na maombi bado yanashughulikiwa. Pale kaunta alikuwepo karani Mwinyikai, kijana mwenye suti na sauti laini.

"Unataka kupanda kwa nia gani, mama?"

"Nataka mume wangu apate upepo."

"Upepo upi?"

"Huu unaovuma, baba."

"Huo ni wa taifa zima. Ukiukamata wewe kule juu, walio chini watapata nini?"

Bi Zuwena alisema hatauzuia, atauacha upite. Mwinyikai akaandika: *Mwombaji ameahidi kuachia upepo*. Kisha akamletea Tamko la Yatakayoonekana, ambamo mwombaji anaeleza kila kitu kitakachoonekana kutoka huko juu anakotaka kwenda.

"Lakini mwanangu, sijapanda. Nitajuaje?"

"Ukipanda kabla ya kibali ni kosa."

"Sasa nitajazaje?"

"Hapo ndipo wengi wanapokwama," alisema Mwinyikai, kwa upole wa mtu anayemfariji mgonjwa.

Bi Zuwena akaandika kwamba itaonekana mbingu. Likarudishwa, kwamba mbingu ni suala la dini, alete barua. Akaandika kwamba yataonekana mapaa ya majirani. Mwinyikai akauliza majirani gani. Akawataja wa kushoto, wa kulia, wa mbele, na alipofika wa nyuma kalamu ilimwanguka karani, na dirisha la kaunta likafungwa kwa ajili ya chakula cha mchana, ingawa ilikuwa asubuhi.

Hata hivyo serikali haikumtupa. Ilimletea Kamati ya Kukagua Visivyokuwepo. Wajumbe walifika kwa magari, wakala pilau ya Bi Zuwena kwa moyo wa kizalendo, kisha wakasimama barabarani wakakodolea macho mahali ambapo roshani ingekuwa. Mwenyekiti wao alifumba jicho moja. Mjumbe mwingine alitikisa kichwa kwa masikitiko. Wakaandika ripoti kwamba roshani hiyo ina nyufa, na kwamba kibali hakiwezi kutolewa mpaka nyufa zizibwe na fundi anayetambulika.

Bi Zuwena alimtafuta fundi anayetambulika. Fundi akaja, akatazama juu, akasema hajawahi kuona nyufa mbaya kama zile, akaahidi kurudi na saruji.

Wakati huo Mzee Mbaruku alikuwa ameacha kulala. Alikaa kitandani ameegemea ukuta, mdomo wazi, akiivuta kila pumzi kama anavuta ndoo kisimani. Nilikuwa nikimsikia kupitia ukuta wa chumba changu. Sipendi kulisema hili katika habari ya kuipongeza serikali, lakini nilikuwa nikimsikia.

*

Bi Zuwena, kwa imani yake kwamba kibali kinakuja, alinunua mbao akaziegemeza mbele ya nyumba. Lori la Kamisheni likaja siku ileile. Mwinyikai alieleza kwamba ubao uliolala ni mali ya mtu, lakini ubao uliosimama ni jengo, na jengo lisilo na kibali huchukuliwa kwa uhifadhi.

Hapo lazima nieleze uhifadhi, maana wageni hawaujui. Mtu wa Kitulizo akisimamisha kitu bila kibali, hakivunjwi. Serikali yetu haina roho mbaya kiasi hicho. Kinachukuliwa na lori kikatunzwe katika Bohari la Taifa mpaka mwenyewe akamilishe taratibu. Mji mzima ulikuwa na vitu katika uhifadhi. Milango, mageti, matangi ya maji, mabati, madawati ya shule. Bohari lenyewe liko wapi? Hiyo ilikuwa siri ya ulinzi, kusudi adui asije akajua tunahifadhi wapi milango yetu. Sijapata kusikia mtu aliyerudishiwa kitu, na hiyo ni dalili ya jinsi kinavyohifadhiwa vizuri.

Mbao zikaenda. Bi Zuwena hakulia. Alichukua meza ya kulia chakula, akaiweka karibu na tundu la hewa lililo juu ya mlango wa mbele, akaweka kiti juu ya meza, na mimi na wapangaji wenzangu tukampandisha Mzee Mbaruku. Kichwa chake kikafika kwenye tundu. Mzee akavuta hewa ya nje, akatabasamu.

"Zuwena," alisema, "leo nimepata."

Alikaa pale mchana kutwa. Kesho yake lori likarudi. Kiti kikiwa sakafuni ni kiti, alisoma Mwinyikai, lakini kiti juu ya meza ni ghorofa. Tulimshusha mzee kwa mikono yetu wenyewe, maana vijana wa lori walikuwa na haraka, na meza ikaondoka na kiti chake. Mimi nilisimama pale nikiwa na brashi mkononi, nikasema "asante," kwa mazoea.

Mzee Mbaruku hakuimaliza wiki.

*

Mheshimiwa Sululu alikuja matangani. Alikuja na msafara, akavua viatu vyake vinavyong'aa, akashika kipaza sauti ambacho hakuna aliyejua kimetoka wapi.

"Marehemu," alisema, "alikuwa mwombaji wa mfano. Aliomba bila fujo. Alisubiri bila matusi. Wangapi leo wanaweza kusubiri hivyo? Kamisheni yangu imeamua kumtunuku Cheti cha Subira." Akakohoa kidogo kwa sababu ya moshi wa koridoni, akaomba dirisha lifunguliwe. "Na ninayo habari njema kwa mjane. Kwa kuwa sababu ya roshani imekwisha, maombi yake sasa yamefungwa. Hatasumbuka tena."

Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga pia. Bi Zuwena alikuwa chumbani pamoja na wanawake, lakini mlango ulikuwa wazi na nilimwona uso. Hakuwa analia tena. Alikuwa anamtazama Mheshimiwa jinsi mwenye duka anavyomtazama mdaiwa atakayemkumbuka.

Akaingia eda. Kwa muda wote wa eda alikaa chumbani mwake, kile cha mwisho kilichobanwa na ule ukuta, na masika yakaingia yeye akiwa ndani. Mvua ikinyesha alikuwa akisikiliza. Aliponihadithia baadaye, alinihadithia hivyohivyo, polepole, kama mtu anayehesabia kichwani.

"Mwanangu, nyumba moja ina paa moja. Sasa kule nyuma mvua inalia juu ya bati, halafu inalia juu ya bati jingine chini zaidi, halafu inalia ndani ya matangi matupu, mengi, ua mzima. Nimekaa nikajiuliza, mtu anaogopa nini cha kuonekana hata azuie mgonjwa asipande? Nimelijua Bohari la Taifa lilipo."

"Tuwaambie watu," nilisema.

"Ukiwaambia watakuuliza umeonaje. Utawajibu nini? Umesikia mvua?" Alinitazama. "Watu lazima waone kwa macho yao. Na ili waone, lazima wapande. Na ili wapande, lazima yeye mwenyewe awapandishe."

Nilimwambia hilo haliwezekani. Akaniuliza kama ninaweza kuchonga jiwe la uzinduzi.

*

Hapa ndipo inapobidi niseme jambo kuhusu viongozi wetu. Kiongozi wa Kitulizo anaweza kukataa maji kwa wenye kiu, na anaweza kukataa hospitali. Hajazaliwa anayeweza kukataa kuwa mgeni rasmi. Weka utepe, weka mkasi kwenye sinia, weka jiwe lenye jina lake na pazia dogo la kulifunika, na kiongozi wetu atakuja kutoka popote. Nimewahi kuona kisima kisicho na maji kikizinduliwa na mawaziri tofauti, kila mmoja na jiwe lake, mpaka mawe yakaziba njia ya kwenda kisimani.

Eda ilipokwisha, Bi Zuwena alivaa, akajifukiza, akanichukua mimi na mchoro wa jiwe, tukaenda Kamisheni. Hakutaka kaunta. Aliomba kumwona Mheshimiwa kwa suala la heshima yake binafsi, na milango yote ikafunguka.

"Mheshimiwa," alisema, huku amepiga magoti, "siombi kitu changu. Maombi yangu uliyafunga na nimeridhika. Lakini maneno yako ya matangani yalinigusa. Nataka mji uwe na Roshani ya Mheshimiwa Daktari Sululu bin Tambo."

Mheshimiwa aliweka kikombe chini.

"Roshani yangu?"

"Ya jina lako. Na jiwe. Na beni litapiga. Na runinga wakikubali."

Nikafunua mchoro. Jina lake nilikuwa nimeliandika kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika, na bado nilikuwa nimeacha nafasi ya vyeo atakavyopata baadaye. Alilisoma kimyakimya, midomo ikitembea. Kisha akashtuka kidogo, maana hakuwa mjinga kabisa.

"Na Tamko? Kutoka huko juu kitaonekana nini?"

"Utaonekana wewe, Mheshimiwa," alisema Bi Zuwena.

Kibali kilitoka kabla chai haijapoa. Mwinyikai alikimbia na mihuri mpaka tai ikamgeukia mgongoni. Nyufa zikatangazwa kuwa zimejiziba.

*

Mafundi walijenga kwa siku chache tu. Sakafu ilikaa vizuri, kingo zikasimama imara, na urefu wake Bi Zuwena aliusimamia mwenyewe, akiwaambia mafundi waongeze kidogo, waongeze tena. Kibali kilitaja roshani, hakikutaja ngazi, kwa hiyo nilitoa ngazi yangu ndefu ya kuandikia mabango, nikaifunga tepe za rangi za bendera, ikawa ngazi ya taifa.

Waalikwa Bi Zuwena aliwachagua mwenyewe. Alizunguka mtaa kwa mtaa na akamwalika kila aliyewahi kutembelewa na lori. Mama Hidaya, muuza maandazi, ambaye mlango wa banda lake ulikuwa katika uhifadhi tangu binti yake hajaolewa. Mwalimu Pazi wa shule ya msingi ambayo watoto wake husomea chini. Wengine wengi. Walishangaa kualikwa kupanda juu na Mheshimiwa, lakini mtu wa Kitulizo akialikwa shughuli haulizi, anatafuta nguo.

Siku ilifika. Beni lilipiga. Mheshimiwa alipanda ngazi yangu akishikiliwa huku na huku, akakata utepe, akavuta pazia, akaliangalia jina lake kwa muda mrefu na nadhani machozi yalimlenga. Kisha waalikwa wakapanda, na sajini wa ulinzi, na kijana wa Runinga ya Taifa na kamera yake, mubashara. Mheshimiwa alisimama kwenye ukingo wa nyuma, uso kwetu, mgongo kwenye ukuta wake.

Nami nikaona.

Ua wake ulikuwa mkubwa kuliko soko, sehemu yake moja ikiwa ni ule wetu. Milango ilikuwa imepangwa kama vitabu. Mageti, matangi, madirisha na nondo zake, mabati kwa malundo. Mbao za Bi Zuwena nilizitambua kwa alama ya fundi. Na katikati kabisa, chini ya kivuli kizuri, ilikuwepo meza ya Mzee Mbaruku. Juu yake kulikuwa na kile kiti, na juu ya kiti walikuwa wametua njiwa wa Mheshimiwa, wakipigwa na upepo.

"Ndugu wananchi!" alianza Mheshimiwa. "Leo tumepanda. Kupanda ni nini? Kupanda ni kuacha kuwa chini. Nani amewapandisha?"

Watu walikuwa wanatazama juu ya bega lake.

"Naona mmeguswa," alisema. "Nami nimeguswa. Wako wapinzani wanaosema Kamisheni yangu inaficha mambo. Inaficha nini? Tazameni! Tazameni mbele yenu, mseme mnaona nini!"

"Naona mlango wangu," alisema Mama Hidaya.

"Vizuri sana! Mama anaona milango. Milango ya maendeleo! Nani mwingine?"

"Madawati," alisema Mwalimu Pazi, na sauti ilimkatika. "Madawati yetu yote."

"Elimu! Anaona elimu! Endeleeni!"

"Geti la mama yangu," alisema sajini, taratibu, akivua kofia. "Lile la samawati."

Geti la samawati Mheshimiwa alilikumbuka. Aligeuka. Alipotugeukia tena, kijana wa kamera alikuwa ameshampita na lenzi yake na anauonyesha ua wote kwa taifa zima, polepole, lundo kwa lundo.

"Hivyo vimehifadhiwa," alisema Mheshimiwa. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Taratibu zikikamilika..."

Sajini akapiga filimbi. Nimeishi Kitulizo maisha yangu yote na sijawahi kusikia filimbi ya polisi iliyonifurahisha hivyo. Watu waliteremka kama maji, kila mmoja kwa zamu, maana sisi ni watu wa nidhamu, kisha wakazunguka kwenye geti la Mheshimiwa wakaling'oa. Nalo lilikuwa la mtu.

Mashehe wetu hutufundisha kwamba kusamehe kuna malipo makubwa, nami siwabishii. Lakini siku ile sikutaka malipo hayo. Nilitaka nione, nikaona, na kila mlango uliotoka mle ndani begani mwa mwenyewe ulinipa nafasi kifuani. Madirisha ya nyumba ya Mheshimiwa yakatambuliwa, yakatoka. Makabati yakatambuliwa. Mwinyikai, aliyekuwa amejificha nyuma ya matangi, aliombwa kwa adabu abebe madawati, akabeba. Mwisho mtu mmoja alitazama juu, akasema mabati yale ya paa ni yake, yana rangi yake, na wengine wakasema kweli, na yale ya kando ni yetu. Wakahitaji ngazi. Nikawapa yangu.

Ndipo tukamsikia Mheshimiwa. Tulikuwa tumemsahau kule juu. Jua lilikuwa la adhuhuri, kitambaa cha kivuli Bi Zuwena hakuwa amekifunga, na kiongozi alikuwa ameshika kingo za roshani yenye jina lake, suti imemloa mgongoni, akiangalia nyumba yake ikirudi kwa wenyewe kipande kwa kipande.

Bi Zuwena alikuwa amesimama chini, barabarani, mkono juu ya meza ya mumewe ambayo vijana walikuwa wamemletea.

"Bi Zuwena!" aliita Mheshimiwa. "Mama yangu! Waambie wairudishe ngazi."

Bi Zuwena alikuwa anafuta kinyesi cha njiwa kwenye meza kwa upindo wa kanga yake.

"Mama, mimi ni mtu mzima, kichwa kinazunguka. Naomba kushuka."

Hapo ndipo alipoinua uso, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mume wangu aliomba kupanda," alisema, akaingia ndani.